Nyumba ya Tano

Agosti, duru ya kwanza.
Kishikwambi changu kina ufa pembeni,
na vumbi la kiwanda cha saruji
limeyatia mabati ya Tororo mvi kabla ya wenyewe.
Nahesabu kutoka bomba la maji: moja, mbili, tatu, nne.
Hodi ya tano ndiyo kazi.

"Kama uchaguzi ungefanyika leo…"
Mama Nyafwono ananikatiza: "Leo? Leo nafua."
Kisha anachungulia ua wa mwenyekiti wa kijiji,
anapaza sauti mpaka kamba ya nguo inatikisika:
"Kandili! Andika Kandili, mwanangu, kwa herufi kubwa!"
Hakuna herufi. Kuna kiduara tu. Nakigusa,
na mwanamke mmoja mwenye povu viwikoni
anageuka watu elfu kumi na tano.

Ndivyo tulivyofundishwa kwenye semina, Mbale:
watu elfu moja na mia mbili, wakichotwa vizuri,
ni nchi nzima ndani ya kijiko.
Mpishi haonji sufuria yote, alisema mwalimu.
Sikumwuliza: na chumvi ikiwa imetuama chini?

Oktoba.
Okecho fundi baiskeli, Mzinga wa kufa na kupona,
amehamia Kandili.
Fomu haina mahali pa sababu, basi naiandika hapa:
walimlipia mwanawe kitanda cha hospitali,
na yeye si mtu wa kusahau kitanda.
Jirani yake naye amehama, kinyume,
kwa kuwa Okecho amehama.
Wamefutana. Redioni wataitwa
"hali haijabadilika."

Kwenye malwa, mirija tisa chungu kimoja,
nimekatazwa kuhoji kundi.
Wananiona nikizungukazunguka, wanacheka:
"Tunavuta chungu kimoja, binti,
lakini usiandike kwamba tunameza mamoja."

Wa "sijui" wako mia na sita.
Msimamizi hawapendi. Anapiga simu: wabane kidogo.
Lakini sijui ya Kevina ni mlango, na ufunguo anao yeye.
Sijui ya Mwalimu Obbo ina miezi mitatu ya mshahara ndani yake.
Ya yule kijana wa malori, kwenye foleni ya Malaba,
hiyo ni sijui hasa,
maji ambayo hayajachotwa.
Nimbane vipi?

Desemba. Mwenyekiti kaenda mkutanoni,
na ua wa Mama Nyafwono umepumua.
Ananionyesha miche miwili ya sabuni,
mmoja wa Kandili, mmoja wa Mzinga.
"Yote inatoa povu," anasema.
Halafu, chini kwa chini, huku akikamua shuka:
"Kile ulichoandika Agosti, bado kipo?"
"Kipo, mama."
"Kiache hapo hapo. Kinilinde."
Kisha akajibu upya.
Sikuandika hapa alichojibu.

Siku ile ile hesabu ikanifikisha kwetu.
Bomba, moja, mbili, tatu, nne,
na ya tano mlango wa buluu nilioupaka mwenyewe.
Kanuni inasema ndugu haulizwi. Ruka.
Nikaruka. Nikagonga ya sita,
na mgeni aliyepanga juzi kutoka Busia
akajibu mahali pa baba yangu
na pa elfu kumi na tano wa baba yangu.

Usiku redio ikatangaza:
Kandili imeshuka pointi tatu,
na kiwango cha kukosea ni karibu tatu vilevile.
Maana yake huenda imeshuka,
huenda imekaa tu inatutazama.

Baba akapunguza sauti.
"Mji mzima umeuuliza. Mimi je?"
"Kanuni, baba."
"Afadhali. Ungeniuliza ningekudanganya.
Si kwa ubaya.
Ningekutazama usoni
nikakupa lile unalolitaka."

Akaendelea kumenya karanga,
maganda akiyatupa kwenye sahani moja baada ya jingine.
Sikumwuliza ni lipi alilodhani nalitaka.